Vyumba 72: kisa cha madiwani na maduka ya halmashauri yao

Kwa miaka 11 kazi yangu ilikuwa kukaa pembeni mwa mwenyekiti na kuandika. Karani wa vikao haulizi, hachangii, hapigi meza. Anaandika "Mheshimiwa Mjumbe alitaka kujua", anaandika "Menejimenti ililipokea", kisha anachapa, anadurufu, anasubiri kikao kijacho. Ndiyo maana kisa hiki nakijua kwa namna ambayo madiwani wenyewe hawakijui. Wao wanakumbuka waliyoyasema, mimi nakumbuka yaliyoandikwa, na kati ya hayo mawili ndimo yalimopotelea mapato ya maduka.

Ni halmashauri moja kati ya 11 za mkoa wa Tanga. Sitasema ipi. Idadi na viwango nimevigeuza kidogo bila kuharibu uwiano wake, na watu nimewaita kwa sifa zao.

Maduka na makaratasi yake

Maduka yenyewe yamezunguka stendi: safu tatu za vyumba vya matofali, bati juu, na mbele baraza nyembamba ya saruji ambayo wenye vyerehani, wauza vocha na wakaanga mihogo huigawana. Kwa watu wa Tanga baraza ni ile ya mbele ya nyumba kabla haijawa lile la madiwani. Kwenye baraza ya kwanza, penye kahawa chungu na kashata, habari za vyumba hivi zilisemwa miaka yote. Kwenye baraza la pili hazikuwahi kufika.

Serikali za mitaa zilifutwa nchini mwaka 1972. Sheria za kuzirudisha zilipitishwa 1982, nazo zikaanza kazi upya 1984, nyingi zikikabidhiwa majengo na viwanja ambavyo majalada yake yalikuwa yamezunguka ofisi hadi ofisi kwa miaka 12. Mazoea ya kuwa na mali isiyo na karatasi ni ya zamani. Hapa kwetu yaliongezewa jambo jingine. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 halmashauri ilitaka maduka na haikuwa na fedha, ikawaambia wafanyabiashara: jengeni kwa fedha zenu, kaeni miaka 15 kwa kodi ndogo, miaka ikiisha chumba ni chetu. Kodi ilianza sh 10,000 kwa mwezi, ikapanda kidogo kidogo hadi 40,000. Miaka 15 ikaisha. Hakuna aliyeandika mahali popote kwamba imeisha.

Wakati huo huo vyanzo vingine vilikuwa vinapungua. Kodi ya majengo ilihamishiwa TRA, mamlaka ya mapato ya taifa, kuanzia 2016, na mwaka 2021 ikaanza kukatwa kupitia LUKU, yaani malipo ya umeme. Halmashauri ikabaki na ushuru wa mazao, leseni, masoko, stendi na pango. Kwa hiyo pango, ambalo zamani lilikuwa kijimstari cha chini kabisa kwenye taarifa ya mapato, lilistahili kuangaliwa kwa jicho jingine.

Vyombo vya kuliangalia vilikuwepo. Kamati ya Fedha hukaa kila mwezi na kupitishiwa mapato na matumizi. Baraza hukaa kila robo mwaka, siku ya kwanza taarifa za kata, siku ya pili taarifa za kamati. Mkaguzi wa Ndani huandika kila robo. CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, huja kila mwaka, na hoja zake hujadiliwa kwenye Baraza Maalum ambalo Mkuu wa Mkoa mwenyewe huhudhuria. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290, ipo kabatini, na Memoranda ya Fedha ya 2009 ipo pembeni yake.

Asilimia 96

Kwa miaka kadhaa makisio ya pango la maduka yalikuwa sh 30,000,000. Makusanyo yalikuwa 19,200,000, sawa na asilimia 64, na kila robo kamati ilimbana Mweka Hazina. Yeye akajibu kama wanavyojibu wote: wapangaji ni wagumu, biashara ni mbaya, elimu inatolewa.

Mwaka uliofuata makisio yakashushwa hadi sh 20,000,000. Maelezo kwenye kabrasha yalisema "kulingana na uhalisia". Makusanyo yakaja yale yale, 19,200,000. Asilimia ikawa 96. Nimeandika kwa mkono wangu: "Kamati iliipongeza menejimenti kwa kuimarisha ukusanyaji."

Hakuna shilingi hata moja iliyoongezeka. Kilichobadilika ni kipimo. Na hiyo 19,200,000 ukiigawa kwa 40,000, ukagawa tena kwa miezi 12, unapata vyumba 40 kamili. Hesabu ya darasa la nne. Mjumbe yeyote angeweza kuifanya nyuma ya bahasha ya posho, kisha akauliza: kwani vyumba vyetu ni 40?

Mama aliyepeleka nguo kushona

Swali hilo halikuanzia kwenye kabrasha. Diwani mmoja wa viti maalum, mama wa makamo, alikwenda stendi kushonesha sare za wajukuu. Alinisimulia mwenyewe.

Fundi alikuwa na pini mdomoni na futi shingoni. Walipomaliza vipimo, mama akamuuliza kama mzaha: "Chumba hiki walipa ngapi, fundi?"

"Laki na nusu, mama. Na nimetoa ya miezi 6 mbele."

"Wamlipa nani?"

"Mwenye chumba."

"Mwenye chumba si halmashauri?"

Fundi akatoa pini mdomoni ili acheke vizuri. "Hiyo halmashauri huwa inapita mwisho wa mwezi kuangalia ile." Akaonyesha ukutani. Kwenye msumari, juu ya kalenda, ilitundikwa risiti ya sh 40,000 iliyolipwa kwa namba ya malipo ya Serikali, safi kabisa, haina kasoro. Mama akavaa miwani, akasoma jina la mlipaji. Alikuwa mtu wa mtaani kwao. Walikuwa wamemzika miaka 6 nyuma.

Mfumo wa malipo haukudanganya. Ulipokea fedha ya chumba na kutoa risiti kwa jina lililomo ndani yake. Kwamba mwenye jina yuko makaburini, na kwamba sh 110,000 inabaki njiani kila mwezi, mfumo haukuulizwa.

Swali lilivyouawa kwa adabu

Mama akasimama siku ya pili ya Baraza. Aliuliza vizuri: vyumba ni vingapi, nani anavikalia, na halmashauri inapata nini? Mkurugenzi akajibu kwa heshima zote. Swali la Mheshimiwa ni zuri sana, menejimenti inalichukua, italifanyia kazi na kuleta taarifa. Meza zikapigwa. Mama akakaa akiwa ameridhika.

Mimi nikaandika: "Menejimenti ililichukua kwa utekelezaji."

Hapa lazima nijitaje. Kosa la kwanza katika kisa hiki ni sentensi hiyo, na ni ya kalamu yangu. Haina mtu, haina karatasi inayotakiwa, haina tarehe. Miezi mitatu baadaye, kwenye ajenda ya yatokanayo na kikao kilichopita, safu ya utekelezaji ilisomeka: "Utekelezaji unaendelea." Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno. Ilikuwa saa 7 mchana, harufu ya pilau imeshaingia ukumbini. Hakukuwa na mwenye neno.

Mama alikuja ofisini kwangu kesho yake amekasirika. Nilichomfanyia hakikuwa kumpa siri. Nilimtolea kabrasha la Baraza Maalum la hoja za CAG, nakala yake mwenyewe ambayo aliisahau ukumbini, pini zake hazijafunguliwa. Hoja ipo: kutokuwepo kwa mikataba ya pango kwa sehemu ya maduka ya halmashauri. Ilikuwa inaonekana kwa mwaka wa tatu mfululizo. Majibu ya menejimenti, mwaka wa tatu mfululizo: utekelezaji unaendelea.

"Kumbe tuliambiwa," akasema.

Waliambiwa. Na Mkaguzi wa Ndani naye alikuwa ameandika, ila taarifa yake hakuna diwani aliyewahi kuiulizia.

Jedwali la safu 7

Mama hakuwa mjumbe wa Kamati ya Fedha. Akamwendea aliyekuwemo, diwani mmoja ambaye maisha yake yote alifundisha hesabu shule ya msingi na kila mtu alimwita Mwalimu, hata Mkurugenzi. Mwalimu hakuwa msemaji. Kwenye Baraza alikuwa mtu wa kusinzia. Kwenye kamati alikuwa mtu mwingine.

Alisema maneno ambayo niliyanukuu neno kwa neno: "Mheshimiwa Mwenyekiti, nisiletewe maelezo. Niletewe jedwali." Akataja safu zake: namba ya chumba, jina lililo kwenye mkataba, tarehe ya kuanza, tarehe ya kwisha, kodi, deni, na mtu anayekitumia leo. Akataka anayewajibika aandikwe, wakakubaliana ni Afisa Biashara pamoja na Mweka Hazina. Akataka tarehe, ikawekwa: kikao cha mwezi unaofuata, na jedwali ligawiwe siku 3 kabla.

Jedwali likaja asubuhi ya kikao. Lilikuwa na mistari 58. Mikataba iliyopatikana, 23. Kwa mistari 35 iliyobaki iliandikwa "jalada halijapatikana". Safu ya saba, ya anayekitumia leo, ilikuwa tupu kuanzia juu hadi chini.

Mwalimu hakugomba. Aliomba kikao kiahirishwe kwa saa 2 wajumbe wakahesabu wenyewe. Wataalamu wakasema gari halina mafuta. Akasema stendi ni karibu, tutembee. Wakatoka, wajumbe 8, Mweka Hazina na mimi na daftari langu, jua la saa 5. Mwalimu alikuwa na chaki mfukoni. Kila mlango aliopita aliuandika namba kwa mwandiko ule ule wa ubaoni, na kila mlango alimsalimia aliyemo na kumuuliza jina. Wauza vocha walidhani ni bomoabomoa wakaanza kufunga meza.

Tulirudi na 72. Zile 14 za ziada hazikuwa kwenye rejista yoyote: vyumba vilivyokatwa viwili kwa plaiwudi, vingine vimejengwa kwenye ujia wa kwenda vyooni, vitano vimekaa juu ya mfereji wa maji ya mvua. Na vyote vina mtu anayelipa, kwa mtu.

Feni na ukimya

Tulipokaa tena, mwenyekiti wa kamati aliyasoma majina kwenye mikataba 23 kimya kimya. Akavua miwani. Akawakumbusha wajumbe kwamba kanuni za kudumu zinamtaka mwenye maslahi katika jambo atamke na atoke, na kwamba diwani ni kiongozi wa umma chini ya Sheria ya Maadili, Sura 398. "Mwenye chumba, au mtu wake ana chumba, aseme sasa."

Feni ilikuwa na kasoro, ikizunguka inagonga. Tuliisikiliza. Mheshimiwa mmoja akapokea simu ambayo haikuita, akatoka nayo nje. Kisha diwani kijana kuliko wote, wa kata ya pembezoni, akasimama. Akasema chumba namba 17 kiko kwa jina la marehemu baba yake, kaka yake ndiye anayekusanya, na kodi hiyo imemsomesha yeye. Akaomba ruhusa, akatoka. Baada yake wakatamka wawili. Yule wa simu hakurudi.

Jioni mmoja wa waliotamka alinifuata: "Andika 'baadhi ya wajumbe', mdogo wangu." Nilimjibu kwamba rasimu itasomwa kikao kijacho, akitaka kusahihisha atasahihisha mbele ya wenzake. Majina nikayaandika. Hakusahihisha.

Uamuzi

Kamati, ikiwa na wajumbe 4 na akidi imeponea chupuchupu, ilijadili njia tatu. Kuwatoa wote na kutangaza upya: safi kisheria, lakini mapato yangekauka kwa miezi na mafundi wangekwenda barabarani. Kuwapandishia kodi wenye majina: rahisi, siku moja inatosha, ila kila aliyekuwepo alijua kwamba laki na nusu ya fundi ingekuwa laki mbili kabla ya mwisho wa mwezi. Ya tatu, kuingia mkataba moja kwa moja na anayekitumia chumba, kwa kodi itakayopendekezwa na mthamini. Mthamini alileta sh 100,000. Kwa fundi ni nafuu ya 50,000. Kwa halmashauri ni mara mbili na nusu.

Wakachagua ya tatu, na Baraza likapitisha mwezi Februari. Kilicholainisha Baraza si haki ya fundi. Mwalimu aliwakumbusha kwamba tangu 2018 sheria inataka asilimia 10 ya mapato ya ndani yasiyolindwa, yaani yasiyotengewa matumizi maalum, iende mikopo ya vikundi: wanawake asilimia 4, vijana 4, wenye ulemavu 2. Kila milioni 10 inayopatikana stendi ni milioni moja kwa vikundi vya kata zao. Hapo mikono iliinuka.

Mwanasheria wa halmashauri aliomba wiki 2 asome mikataba yote 23 kabla ya notisi kutoka. Akaambiwa anachelewesha kazi ya wananchi.

Yaliyokwenda mrama

Azimio lilitangazwa Jumatano, ukumbini, waandishi wakiwepo. Uorodheshaji rasmi wa wanaotumia vyumba ulipangwa Jumatatu. Siku nne kati ya hapo zilitosha. Wenye majina waliosikia "mkataba atapewa anayekitumia" walifanya lile ambalo mtu yeyote mwenye akili angefanya: waliwatoa wapangaji wao, wakaingiza ndugu. Karatasi ya Mwalimu ya siku ya chaki, yenye majina ya waliokutwa, ilikuwa kwenye daftari langu, lakini haikuwa imesainiwa na yeyote wala kuambatishwa kwenye muhtasari. Tulipoiwasilisha, Afisa Biashara alisema si nyaraka rasmi. Alikuwa sahihi. Kati ya waliopoteza vyumba wiki hiyo ni fundi wa wajukuu wa mama. Aliporudi kutoka msibani Pangani alikuta kufuli jipya, cherehani yake iko nje imefunikwa turubai, na ndani kijana anapanga makava ya simu.

Notisi zikatoka za siku 14. Wiki iliyofuata ikaja barua ya wakili. Kwenye ile mikataba 23 kulikuwa na kifungu kwamba mpangaji akiendelea kukaa baada ya muda kwisha, na halmashauri ikaendelea kupokea kodi, hataondolewa bila notisi ya miezi 3. Halmashauri ilikuwa imepokea kodi kwa miaka. Notisi zote 23 zikaondolewa. Mwanasheria hakusema "niliwaambia". Alilileta tu faili.

Kisha Mkurugenzi akahamishwa. Watu hutania kwamba Tanga ni waja leo waondoka leo, lakini kwa wakurugenzi si utani: huyu alikuwa wa tatu ndani ya miaka 4, naye huteuliwa na kuhamishwa na mamlaka ambayo Baraza haliigusi. Mpya aliomba muda wa kusoma. Ombi la haki kabisa. Alisoma kwa miezi mitano.

Jambo halikufa kwa sababu moja tu. Kila mwezi lilikuwepo kwenye yatokanayo, kwa maneno yale yale, na tarehe ya mwanzo ikionekana: Februari. Agosti likawa bado linasomeka Februari. Juni, kwenye Baraza Maalum la hoja, lilisomwa pia mbele ya Mkuu wa Mkoa, hoja ya mwaka wa nne sasa. Mkurugenzi mpya akaambiwa aeleze. Alieleza kwa ufupi, na baada ya hapo kasi yake ya kusoma ikaongezeka.

Matokeo

Novemba mikataba 44 ilisainiwa: vyumba 35 visivyokuwa na majalada, na 9 kati ya vile 14. Vitano vya juu ya mfereji vilivunjwa. Desemba wale 23 wakapewa notisi sahihi ya miezi 3, na kufikia Aprili vyumba 19 vikaingia utaratibu mpya. Vinne viligoma, na vilikuwa bado vinabishaniwa nilipostaafu.

Mwaka huo wa fedha zilitakiwa sh 40,900,000. Zikakusanywa 37,400,000, karibu mara mbili ya 19,200,000 ya zamani. Kwa kuwa makisio yalikuwa bado yale ya milioni 20, taarifa ilionyesha utekelezaji wa asilimia 187. Mwalimu aliomba nisiandike pongezi. Bajeti iliyofuata makisio yakawekwa 75,600,000, yaani vyumba 63 kwa laki moja kwa miezi 12, na kwa mara ya kwanza mstari huo ulikuwa na jedwali nyuma yake.

Diwani kijana hakurudi baada ya kura za maoni za chama. Kama ni kwa ajili ya chumba namba 17 au kwa mengine, siwezi kusema.

Nikiliangalia sasa

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni jedwali. Diwani hana uwezo wa kumfukuza Mkurugenzi, hana saini benki, hana funguo za masjala. Alichonacho ni haki ya kuletewa karatasi na haki ya kuiulizia tena. Swali la mama lilikuwa zuri kuliko la Mwalimu kwa maana yake, lakini lilijibika kwa maelezo, na maelezo hayaishi. La Mwalimu lilikuwa kavu, na safu tupu kwenye jedwali haiwezi kujificha. Safu ya saba haikuwa na neno hata moja, nayo ndiyo iliyosema kila kitu.

Cha pili ni miguu. Kamati zetu hukagua miradi kila robo, lakini hukagua zahanati mpya na madarasa, vitu vyenye rangi mbichi na mtu wa kukata utepe. Mali ya zamani haikaguliwi kwa sababu haina sherehe. Saa 2 za kutembea ziliongeza vyumba 14 ambavyo taarifa zilizoandikwa kabla hazikuvitaja.

Kuhusu makisio, somo ni chungu. Madiwani walifundishwa kulinganisha makusanyo na makisio. Hakuna aliyewafundisha kulinganisha makisio na mali. Anayeandaa makisio ndiye anayepimwa nayo, na mtu akiachiwa ajitungie mtihani atajitungia anaouweza. Simlaumu sana Mweka Hazina wa wakati ule. Namlaumu kidogo aliyeandika "iliipongeza".

Kushindwa kwa siku zile nne ndiko kunakonisumbua bado. Mpangilio ulikuwa kinyume. Kamati ilikuwa na majina ya watumiaji mkononi siku ya chaki. Kama Mtendaji wa Kata angekuwepo, kila aliyekutwa akatia saini, karatasi ikaingia kwenye muhtasari kama kiambatisho, basi Jumatano ya kutangaza ingekuwa na orodha iliyofungwa. Tulihesabu milango kwa umakini na watu kwa uzembe. Uwazi ni mzuri, lakini kutangaza kwamba mali itagawiwa kwa atakayekutwa ndani, kabla hujaandika aliyemo, ni kumpigia filimbi mwenye mbio.

Mwanasheria je? Madiwani wengi humwona kama breki ya menejimenti, na mara nyingine ndivyo alivyo. Hapa wiki 2 alizonyimwa zililipwa kwa miezi mingi. Angeombwa kusoma mikataba siku ile ile jedwali lilipodaiwa, kazi hizo mbili zingekwenda pamoja.

Na maslahi. Nimesikia wakisema yule kijana alijiharibia. Lakini kabla hajasimama, kila mjumbe aliyenyamaza alikuwa anazuia kamati kwa kunyamaza kwake, na baada ya kusimama ilibidi kunyamaza kuhesabike. Yule wa simu aliendelea kuhudhuria vikao vyote vilivyofuata, isipokuwa ajenda hiyo ilipofika.

Yatokanayo

Mwezi uliopita nilipita stendi kusubiri gari. Namba za chaki za Mwalimu zimefutika, mlango mmoja mmoja umebaki na kivuli cha 4 au cha 7. Mlango wa lililokuwa duka la fundi bado ni wa makava ya simu, mkataba halali, sh 100,000, jina na mtumiaji vinalingana kwenye rejista.

Fundi mwenyewe nilimkuta pale pale, mbele ya mlango huo, kwenye baraza. Ameweka cherehani na kiti kimoja cha mteja, kivuli kinafika mpaka saa 8. Nikamwuliza hapo barazani analipa ngapi. Akasema 30,000 kwa mwezi.

"Unamlipa nani?"

Akanyoosha kidole gumba nyuma ya bega, kwa kijana wa makava, akaendelea kukanyaga cherehani.